Besi Iliyonyamaza: Pima Kabla ya Kuagiza

Wasomaji wa Migori na Homa Bay wajua ya kuwa tuba ndiyo besi ya bendi. Ikinyamaza siku ya mazishi au ya sherehe, tarumbeta nyingine hukosa pa kuegemea. Mara nyingi kilichoharibika ni kitu kimoja tu: bomba la kutelezea, lenye umbo la herufi U, ambalo huvutwa nje ili kuishusha sauti na kusukumwa ndani ili kuipandisha.

Haifai kuandika dukani, "Leteni bomba la tuba," kwani hapana bomba moja lifaalo tuba zote. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilikuwa na kiwanda chake cha ala huko St Albans, Uingereza, hata mwaka 1972. Mwenye tuba ya kiwanda hicho leo hana budi kutegemea vipimo.

Basi twaa kalipa, wala si rula. Kwanza, pima unene wa nje wa kila mguu wa bomba, kwa pande mbili, maana bomba lililochakaa hupoteza uduara wake. Pili, upana wa ndani wa bomba linaloupokea mguu huo. Tatu, umbali toka ukingo wa kushoto wa mguu mmoja hadi ukingo wa kushoto wa mguu wa pili. Nne, urefu wa kila mguu. Usikadirie: robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na bomba la milimita 19 kamili huenda likalegea na kuvujisha pumzi.

Tena kumbuka, hata miaka ya 1960 bendi za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya sasa. Tuba kubwa ya wakati ule, yenye bomba la kama mita 5.5, yahitaji nyongeza ya kama sentimita 15 ili ilingane na ala za leo. Yaani sentimita 7 na nusu kwa kila mguu.

Ukiisha kupima, tafuta kwanza tuba iliyokufa ya kiwanda kile kile. Ukikosa, agiza Nairobi au ng'ambo. Fundi wa jua kali aweza kulehemu, lakini asitie bomba la chuma, litashika kutu.

Fedha hizo ni za harambee, senti za wajane zimo. Vipimo na viandikwe, kwani mali bila daftari huisha bila habari.