Chombo Usichoweza Kukifungua Si Chako

Wako watu, wengi wao huko Ulaya na Marekani, ambao siku zao za mapumziko huzimaliza wakiinamia kompyuta za zamani. Si kwamba hawana mpya; wanazo, tena zenye nguvu maelfu ya mara. Lakini hizo huziweka kando, wakaichukua ZX Spectrum ya mwaka 1982, au Commodore 64 ya mwaka huo huo, wakazilegeza parafujo, wakashika chuma cha kulehemu na kuanza kusaka ni wapi maradhi yalipojificha. Wenzetu wakisikia haya hucheka, wakasema huo ni mchezo wa watu walioshiba. Mimi sikubaliani nao, na leo nataka niwaeleze wasomaji kwa nini.

Kwanza tuvijue vyombo vyenyewe. ZX Spectrum ilitolewa Uingereza mwezi wa Aprili 1982, na ile ndogo iliuzwa kwa pauni 125. Haikuwa na kioo chake. Ilichomekwa kwenye televisheni ya nyumbani, na programu zake zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida, kama zile tulizorekodia taarabu. Baada ya miaka arubaini na zaidi, vyombo hivi vina maradhi yake yanayojulikana. Baadhi ya chipu za kumbukumbu ndani ya Spectrum hutaka umeme wa namna tatu, na mmoja ukikosekana chipu hufa. Commodore 64 nayo, transfoma yake ikizeeka, huweza kupeleka umeme uliozidi volti 5 na kuziunguza chipu. Kapasita huvuja, na plastiki iliyokuwa nyeupe hugeuka manjano kama meno ya mtafuna tambuu.

Nani wa kumwendea mtu akipatwa na haya? Kiwanda cha Timex mjini Dundee, kilichoziunda Spectrum, kilifungwa mwaka 1993. Commodore ilifilisika mwaka 1994. Walobakia ni wapenzi wenyewe. Hao ndio waliopima, wakachora, wakaandika na kugawana bila malipo. Anayekwama huuliza, na aliyetangulia humjibu. Sisi tuliosoma chuoni twaijua elimu ya namna hiyo: aliyekwisha fika mbele ndiye aliyemsomesha wa alifu na be, wala mwalimu hakuhitaji kusimama juu ya kila kichwa.

Mfano ninaoupenda zaidi watoka nchi ambayo leo haipo tena, nayo ni Yugoslavia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sheria za forodha huko zilimzuia raia kuingiza kompyuta kutoka nje, kwa kuwa bei yake ilipita kiwango kilichoruhusiwa. Mhandisi mmoja, Voja Antonić, akabuni kompyuta ambayo mtu angeweza kuiunda mwenyewe nyumbani. Alipunguza gharama kwa kuifanya chipu kuu, Z80, ibebe pia kazi ya kuchora picha kwenye televisheni, ili chipu ya picha iliyokuwa ghali isihitajike. Michoro yote ilichapishwa mwishoni mwa mwaka 1983 katika toleo maalumu la jarida la Galaksija, na kompyuta yenyewe ikaitwa jina hilo hilo. Maelfu ya wasomaji waliagiza vipande wakakaa kulehemu.

Fauka ya hayo, katika Radio Belgrade mtangazaji Zoran Modli alipeperusha programu za kompyuta hewani. Kwa kuwa programu ile ilikuwa mlio tu wa kaseti, msikilizaji alirekodi kutoka redioni, kisha akaisomesha kompyuta yake. Basi hapo jarida lilitoa mchoro, redio ikatoa programu, na raia akatoa mikono yake. Mimi niliyekula chumvi katika kazi ya magazeti naona wivu. Ni mara ngapi sisi waandishi tumempa msomaji jambo la kufanya, badala ya jambo la kusikitikia tu?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na wazee walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wapenzi hawa wanayashika yote mawili. Kaseti huchakaa na chipu husahau kilichoandikwa ndani yake, kwa hiyo wao huzisoma na kuzinakili kabla hazijanyamaza. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji wa mbao na mnakili wa hati, na tenzi kadhaa tunazozisoma leo zimetufikia kwa kalamu yake. Angalisema karatasi zile ni kuukuu na haziwafai watu wa zama mpya, leo tungekuwa maskini wa lugha yetu wenyewe.

Kadhalika wana ugomvi wao, nao wanikumbusha ugomvi wa washairi juu ya vina na mizani. Kuna wasemao kompyuta ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hata chipu yake mbovu itafutiwe mwenzake wa umri ule ule. Wengine huondoa kaseti wakatia kadi ndogo ya kumbukumbu, na wakibadilisha kipoza-umeme cha zamani kwa kipya kisichochemka. Mimi niko kati. Badilisha unachoweza kukirudisha kesho. Lakini usitoboe gamba la chombo ambacho hakiundwi tena. Ninaowalaumu ni wale wanaonunua kwa bei ya kuruka na kufungia kabatini, wakingoja bei ipande. Hao hawatofautiani na mtu anayemiliki hati ya utenzi wala hamruhusu mtu kuisoma.

Sasa tuje kwetu. Simu nyingi tunazobeba zimegandishwa kwa gundi, na betri ikifa unaambiwa ununue nyingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwataka waundaji, kuanzia mwaka 2027, watengeneze vyombo ambavyo mwenyewe aweza kubadili betri. Sisi tuna vijana wa Luthuli Avenue na wa vichochoro vya Mombasa ambao huzifufua simu hizo kwa mita na miwani ya kukuzia, bila mchoro wowote. Ustadi wao ni mkubwa. Lakini ni wangapi kati yao wameandika walichokijua?

Najua jibu lao. Siri ya kazi ndiyo unga wa watoto, na mwenye kuitoa huzalisha mshindani jirani ya kibanda chake. Ni jawabu la haki. Wapenzi wa Ulaya wana mshahara mahali pengine, ndiyo maana ukarimu hauwagharimu sana. Hata hivyo, siri hufa na mwenyewe, na mwanagenzi wa kesho huanza tena kuunguza chipu zile zile. Kwa hiyo nasema: vyuo vyetu vya ufundi viwaite mafundi hao, viwalipe, viyaandike maarifa yao kwa Kiswahili pamoja na michoro, na magazeti yatoe nafasi ya kuyachapisha. Na mtoto wa shule apewe redio mbovu na bisibisi kabla hajapewa kioo cha kugusa.

Mtu asiyejua kilichomo ndani ya chombo chake ni mpangaji tu, hata kama alikilipia taslimu. Vijana wa Yugoslavia walikuwa na fedha kidogo na sheria ya kuwabana, lakini kompyuta zao walizijua hadi waya wa mwisho. Sisi tuna simu mikononi kila mmoja wetu. Tuanze kuzifungua.