Anayemwua kiboko anapunguza samaki



Tunaposikia kwamba viumbe hai wanatoweka duniani, wengi wetu huwaza mambo ya mbali: barafu ya nchi za kaskazini, au watalii wanaolipa fedha nyingi ili kumwona gorila. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa viumbe hai, lijulikanalo kwa jina la IPBES, lilitangaza kwamba aina zipatazo milioni 1 za wanyama na mimea zimo katika hatari ya kutoweka. Hesabu hiyo ni kubwa mno hata haimgusi mtu. Kwa hiyo tumeona vema kuzungumza juu ya mnyama mmoja na ziwa moja, katika nchi yetu wenyewe: kiboko wa Ziwa Edward.

Sehemu kubwa ya ziwa hilo iko Kongo, na sehemu nyingine iko Uganda. Upande wetu limo ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo ni kongwe kuliko mbuga zote za taifa barani Afrika. Katikati ya miaka ya 1970 viboko karibu 30,000 waliishi humo. Hapakujulikana mahali pengine duniani penye viboko wengi namna hiyo. Miaka 30 baadaye hawakufika hata 1,000. Vita vilipoingia, watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na nyama hiyo ilipata wanunuzi.

Je, hasara hiyo ni ya nani? Wengine husema ni ya watalii. Sisi tunasema ni ya wavuvi kwanza. Kila usiku kiboko hutoka majini kwenda malishoni, na aweza kula kilo zipatazo 40 za majani. Kunapokucha hurudi majini, na humo huacha kinyesi chake. Hivyo mbolea ya nchi kavu huingia ziwani bila gari wala kibarua. Mbolea hiyo hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo nayo hulisha vijidudu vya majini na samaki, tilapia akiwa mmojawapo. Viboko walipouawa kwa maelfu, ziwa lilinyimwa chakula chake, na wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wameona nyavu zao zikipanda na samaki wachache kuliko zile za wazazi wao.

Hatusemi kwamba kiboko ndiye sababu pekee. Mitumbwi imezidi kiasi kinachoweza kubebwa na ziwa, nyavu zenye matundu madogo huvua samaki wasiokomaa, na wengine huvua mahali pale pale samaki wanapotagia mayai. Lakini mambo hayo yote yana mzizi mmoja. Vita vimewafukuza watu mashambani, njaa imewasukuma majini, na wenye silaha wametoza ushuru juu ya kila kitu. Mnyama na maskini wamenyang'anywa na mkono ule ule.

Kwa miaka ya karibuni viboko walianza kuongezeka tena, hata wakakaribia 1,200. Kazi hiyo ina gharama: walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa katika historia ya mbuga hiyo. Kisha, mwezi wa nne 2025, ugonjwa wa kimeta uliua viboko wasiopungua 50 katika eneo la ziwa na mto Ishasha. Zamani, walipokuwa karibu 30,000, msiba kama huo ungekuwa kidonda kidogo. Leo ni pigo zito, kwa sababu ukoo uliopunguzwa hauna akiba ya kufidia wafu wake.

Twajua kuna pingamizi, nalo ni la haki. Kiboko si mnyama mpole. Huharibu mashamba, hupindua mitumbwi na huua watu. Mjane aliyempoteza mume wake ziwani hawezi kufundishwa na mtu wa mjini jinsi ya kumpenda kiboko. Tena wako wanaouliza kwa nini wakazi wa kando ya mbuga wafunge mikanda ili dunia nzima ifurahi. Mwezi wa kumi na mbili 2022, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe imelindwa. Mjumbe wa Kongo alisimama akapinga, akidai nchi tajiri zitoe fedha za kutosha kwa kazi hiyo. Tunaona alikuwa na haki. Lakini mvuvi wa Vitshumbi aweza kuwaambia wakuu wa Kinshasa na wa mbuga maneno yaleyale: mnaniomba nilinde, nanyi mnanipa nini? Ulinzi usiomjibu mtu huyo utategemea bunduki daima, nao hautadumu.

Kwa sisi Wakristo kuna jambo zaidi ya hesabu ya samaki. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 40, anatajwa mnyama Behemoti, ambaye wafafanuzi wengi wamemwona kuwa kiboko. Hapo Mungu hamwelezi Ayubu faida ya mnyama huyo. Anamkumbusha tu kwamba wote wawili wametoka katika mkono mmoja. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe wana thamani yao wenyewe mbele ya Mungu, hata kabla hatujauliza watatufaa nini. Anayemtunza kiboko kwa ajili ya tilapia amefanya vema. Lakini siku samaki watakapopatikana kwa njia nyingine, fundisho hilo litabaki likitudai.

Basi, vijana tufanye nini? Hatuna bunduki wala mamlaka, lakini tuna sahani na tuna ulimi. Samaki wa ziwa hilo huuzwa Butembo na Goma, na anayenunua ndiye anayeagiza. Tukatae nyama ya kiboko, hata ikiwa rahisi na hata ikiletwa na rafiki. Tena nyama ya mnyama aliyekufa kwa kimeta yaweza kumwua mlaji. Tukatae tilapia wachanga wanaouzwa kwa mafungu, na tumweleze mama muuzaji sababu yake kwa heshima, maana naye anatafuta karo ya watoto. Vikundi vya parokia zilizo karibu na ziwa viwaalike wavuvi na walinzi wa mbuga waketi pamoja, kila mmoja aseme shida yake mwenzake akisikiliza. Mara nyingi hao hukutana majini tu, mmoja akimkimbia mwingine. Parokia ina ukumbi, ina viti, na inaaminiwa na pande zote mbili.