Hesabu Wanayoisahau Wasukaji wa Koili

Wapo watumiaji wa sigara ya umeme wasionunua koili mpya ile ya zamani inapoungua, bali huisuka wenyewe nyumbani. Waya mwembamba huzungushwa juu ya kijiti cha chuma mara tano au sita, pamba hupitishwa katikati iwe utambi, miguu ya waya hukazwa kwa skrubu, kisha tangi hutiwa kiowevu chenye nikotini. Ni ufundi halisi, na wanaoudharau hawajapata kuujaribu. Lakini wengi wa mafundi hawa husuka kwa macho tu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827 yatosha kueleza sababu. Betri moja ya lithiamu iliyojaa hutoa volti 4.2. Koili yenye ukinzani wa omu 1 huvuta ampea 4.2, yaani wati 17 na ziada. Ukinzani ukishuka hadi omu 0.2, betri ile ile hudaiwa ampea 21 na wati 88. Tena koili mbili zilizo sawa zikifungwa sambamba, ukinzani wa jumla huwa nusu ya ule wa koili moja, ingawa msukaji aweza kudhani umeongezeka. Betri isiyoundwa kuhimili mkondo huo hupata joto, hutoa gesi, na yaweza kuwaka. Mwaka 2018, huko St. Petersburg katika jimbo la Florida, Marekani, mtu mmoja aliuawa na sigara ya umeme iliyolipuka. Vifaa vyenye saketi ya ulinzi hugoma ukinzani unapokuwa mdogo mno. Vile vya bomba tupu havina ulinzi huo. Wala kipimo cha bei nafuu hakitoshi, kwani nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaoweza kukaribia ule wa koili.

Mapafu nayo yana dai lake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuta risasi, nikeli na kromiamu katika mvuke wa vifaa hivi. Utambi ukikauka, kiowevu huungua na kuzaa sumu ya fomaldehaidi. Ningependa vijana wasiiguse nikotini kabisa.

Hata hivyo siafikiani na wanaotaka jambo hili lisitajwe darasani. Mwalimu wa fizikia hana mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wake, na faida yake haiishii kwenye sigara. Waya wa nikrome unaosukwa humo ndio uliomo katika majiko mengi ya umeme. Koili ya jiko la wati 1,000 ikikatika, fundi akatupa robo iliyoungua na kuunga iliyobaki, jiko hilo sasa litavuta wati zipatazo 1,333 katika soketi ile ile na kwa nyaya zile zile za ukutani.