Msiwakatishe Wagika na Wagalu

Wazee wangu na ndugu zangu wa Kisesa, Magu na Usukuma yote,

Nawaandikia kutoka Leicester, Uingereza. Kila mavuno yakikaribia, vijana wetu hunipigia simu wakisema mashindano ya ngoma yanakula siku nzima, kwamba afadhali kila kikundi kipewe dakika kumi jukwaani, kisha mgeni rasmi ahutubie. Nawasihi msikubali.

Wagika na Wagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma za Kisukuma, hawapokezani jukwaa. Wanacheza wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na mwamuzi ni umati. Watu wakikuhama wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa. Ndiyo maana manju hakubali kurudia nyimbo za mwaka jana. Ndiyo maana chatu huingizwa uwanjani, sanamu za mbao huchezeshwa, na waganga wa dawa za kuvuta watu hawakosi kazi. Ukiwapanga kwa zamu, hakuna tena wa kumvuta mtazamaji wala sababu ya kubuni jambo jipya. Ushindani ndio uliozaa ufundi wote huo.

Bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, nayo ilizaliwa shambani. Walimaji walijipanga mstari, ngoma ikawapa mwendo, majembe yakapanda na kushuka pamoja hadi shamba likaisha. Mchezaji anapolizungusha jembe mkononi, akalirusha na kulidaka kwa mpini, mikono yake inasimulia kilimo cha babu zake; hilo halisimuliki kwa dakika kumi.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni, ngoma za mikoani zilipata heshima ambayo wakoloni walizinyima. Nashukuru kwa hilo; bila hivyo nisingeijua sindimba ya Wamakonde. Lakini jukwaa la taifa huonyesha kipande tu. Ngoma nzima inabaki kwenu, na ikipotea huko, wa mjini hawana pa kuichota. Sisi wa huku Uingereza ndio kabisa: kwenye hafla zetu ngoma hubanwa kati ya hotuba na pilau, na watoto wetu wanadhani Bugobogobo ni burudani ya kusubiria chakula.

Basi tamasha la Bulabo la Juni liachieni viwanja vyake viwili. Wapelekeni watoto makumbusho ya Bujora wazione ngoma za watemi, kisha wakae na wazee wanaojua kuziwamba. Na mnaporekodi kwa simu, rekodini wimbo mzima, tangu manju anapoanza, na mtaje jina lake.