Pora Mmoja, Tembe Watano

Wahenga walinena kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. Hawakutuambia jogoo wa pwani akipelekwa milimani afanyeje. Jawabu nililipata mwezi uliopita, nilipokwenda kumzuru binti yangu karibu na Litein, katika nchi ya majani chai ya Kericho.

Yeye na mumewe walipohama Mombasa walimchukua, ndani ya tenga, pora mmoja wa mbegu ya kuchi, yule kuku wetu mrefu wa miguu na mzito wa kifua. Alikuwa zawadi ya babu kwa mjukuu wangu wa miaka tisa. Huko wakamnunulia wenziwe: tembe watano wa kienyeji, wadogo wa umbo, rika lake. Matumaini yao yalikuwa kwamba mayai yatachangia gharama za shule.

Nilipofika, pora ndiyo kwanza amejua kuwika, na uani hapakuwa na amani. Banda likifunguliwa alfajiri, tembe hukimbilia chini ya mashina ya chai kujificha. Amwonaye humkamata kwa manyoya ya kisogo, akampanda kwa nguvu. Mmoja alikuwa mgongo mtupu, na chini ya bawa lake palikuwa na jeraha refu la ukucha. Mkwe wangu alikwisha kunoa kisu, na mjukuu wangu hali chakula.

“Bibi, mwambie Baba asimchinje,” alinisihi. “Hajui alitendalo.”

Mtoto alisema kweli. Jogoo aliyekomaa hubembeleza: hushusha bawa moja, akamzunguka mtetea kwa madaha, akipata punje, humwita aje aile yeye kwanza. Pora hana subira hiyo. Vijogoo hupevuka mapema kuliko tembe wa rika lao; hivyo yeye anapoanza kutaka, wao hawajawa tayari. Wao hukimbia, naye hufukuza. Penye kuku wakubwa, koo waliokwisha kulea vifaranga, hudonolewa mpaka akashika adabu. Hapa hapakuwa na mkubwa hata mmoja. Tena jogoo mmoja hupasa kuwa na mitetea 8 hadi 10, naye alipewa watano wasiopevuka, uzito wake ukiwaelemea. Nikamwambia mkwe wangu, “Baba, kabla hujamhukumu kuku, tuhesabu banda.”

Kwetu pwani mgongo mtupu ni jambo la kuvumilika. Huko mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya bahari; usiku ni baridi, mvua haiishi, na mvua ya mawe huchana majani ya chai. Kuku asiye na manyoya hutumia chakula chake kujipasha joto badala ya kutaga. Kwa hiyo hatukungoja.

Siku hiyohiyo tulimtenga pora kwa wavu, mahali anapowaona wenziwe asiwafikie. Wapo wanaohofu kwamba jogoo akiondolewa mayai hukoma. Sivyo. Mtetea hutaga bila jogoo. Yai hilo huliwa, ila haliangui kifaranga. Hata walio na mitetea inayotaga wajue kwamba mayai huendelea kuwa na mbegu kwa wiki mbili hivi baada ya jogoo kutengwa.

Majeruhi tukamweka peke yake, kwa kuwa kuku wakiona damu humdonoa mwenzao hata kumwua. Jeraha tulilisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi na jioni. Binti yangu akamshonea kijikoti cha turubai chepesi, chenye matundu mawili ya mabawa, kiufunike mgongo. Tukawaongezea wote dagaa waliosagwa, kwani manyoya hujengwa kwa chakula kama hicho. Unyoya uliong’oka mzima huota tena baada ya wiki kadhaa; uliokatika ukabaki shina hungoja mpaka kuku abadilishe manyoya. Pora naye tukampunguza ncha za kucha kwa tupa, kidogokidogo, tusiufikie mshipa wa damu.

Dawa kamili ilitoka kwa jirani, mama wa Kikipsigis mwenye shamba dogo la chai. Yeye ana koo kumi na wawili, wanene na wakali, na jogoo mzee ambaye mabinti zake wameanza kutaga. Hakutaka baba awapande wanawe, maana damu ikirudiana vifaranga hudhoofika. Akatazama pora wetu, akacheka. “Huyu mniletee mimi. Wangu watamsomesha. Nyinyi mchukueni mzee wangu, ni mwepesi na mpole.”

Tukakubaliana. Kuku wote wa nyumba mbili walikuwa wamechanjwa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Hata hivyo kila mgeni alikaa kando wiki mbili kabla ya kuchanganywa, kwani kuku mzima wa macho aweza kubeba maradhi.

Nilirejea Mombasa kabla sijaona mwisho. Juma lililopita binti yangu alinipigia simu. Siku ya kwanza pora alidonolewa na koo wa jirani hata akajibanza uguoni. Sasa ameanza kuwaita akipata punje. Mjukuu wangu humpelekea mahindi kila Jumamosi. Yule tembe wa kijikoti ametaga yai lake la kwanza, ingawa manyoya ya mgongo bado.

Nanyi wenye pora uani, msikie neno langu. Mpeni nafasi, hesabu iliyo sawa na wakubwa wa kumfunza. Akikomaa naye bado anawatoa damu, hapo kisu si dhuluma; haki ya mitetea imetangulia. Lakini kisu kisiwe cha kwanza, endapo kosa ni letu tuliofunga tenga bila kuhesabu.