Vijana wa Ufaransa na Duka la Elimu la Marekani

Imezuka nchini Ufaransa kasumba ya kuamini kwamba kijana mwenye akili hana budi kuvuka bahari ya Atlantiki ili apate elimu ya juu yenye maana. Kasumba hiyo haienezwi na wafanyakazi wa viwandani wala na wakulima. Inaenezwa na wenye nafasi, wakisaidiwa na mawakala wanaolipwa kwa kazi ya kuwaandikia watoto wa watu maombi ya kuingia katika vyuo vikuu vya Marekani. Ni dhahiri kwamba wakala wa namna hiyo hawezi kumwambia mteja wake abaki nyumbani.

Yafaa kwanza bei zitazamwe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha umma cha Ufaransa hutozwa ada ya kujiandikisha isiyofika Euro 200 kwa mwaka, pamoja na mchango wa yapata Euro 100 kwa ajili ya huduma za wanafunzi. Anayepata ruzuku ya serikali kwa sababu ya unyonge wa wazazi wake husamehewa hata hicho kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, ada ya masomo peke yake kwa mwaka 2024/25 ilizidi Dola 56,000, na kwa kuongeza malazi na chakula gharama ilipita Dola 82,000. Mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa sekondari wa Lille au Toulouse, hata asipokula wala kulipa kodi ya nyumba, hautoshi kumsomesha mwanawe huko kwa mwaka mmoja. Nayo shahada ya kwanza ya Marekani ni miaka minne, ambapo ile ya Ufaransa ni mitatu.

Watetezi wa safari hiyo husema kwamba vyuo vya Marekani hutoa misaada. Ni kweli, vipo vichache sana vyenye utajiri mkubwa ambavyo humpokea mgeni bila kuuliza kwanza mfuko wa baba yake, na Harvard ni kimojawapo. Lakini milango ya vyuo hivyo ni myembamba mno, na wanaorudishwa ni wengi kupita kiasi. Vilivyobaki humpokea mgeni kwa sababu analipa. Hata vyuo vya umma vya majimbo huwatoza wasio wakazi mara kadhaa ya wanavyowatoza wenyeji. Mikopo ya serikali ya Marekani mgeni haruhusiwi kuigusa, na pengine hiyo ni heri yake, kwa maana Wamarekani wenyewe zaidi ya milioni 40 wamebanwa na deni la masomo linalopita Dola trilioni 1.7. Mpango wa kuwapunguzia mzigo huo ulifutwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwezi Juni 2023.

Liko pia jambo la kalenda, ambalo halizungumzwi sana ingawa ndilo linalowanasa wazazi. Vyuo vya Marekani hutoa majibu mwishoni mwa Machi, na familia hutakiwa kukubali na kuweka fedha za kushika nafasi yapata tarehe 1 Mei. Majibu ya vyuo vya Ufaransa, yanayotolewa kwa mtambo wa serikali uitwao Parcoursup, huanza kutoka mwezi Juni. Kwa hiyo mzazi hutakiwa kununua kabla hajajua mwanawe amepata nini nyumbani. Mwenye fedha ataweka amana huku, na Juni ikifika ataichagua ile iliyo bora. Asiye nazo atakopa kwa hofu.

Wengine hutaja majina. Husema, mtazameni Bibi Esther Duflo, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 akiwa katika chuo cha MIT. Mfano huo unawageukia wenyewe. Bibi Duflo alisoma kwanza katika École normale supérieure ya Paris, shule ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1794 wakati wa Mapinduzi, ambayo wanafunzi wake walioingia kwa mtihani wa ushindani hulipwa mshahara na dola. Alikwenda Marekani kwa ajili ya shahada ya uzamivu, akaimaliza mwaka 1999. Katika ngazi hiyo vyuo vikubwa vya Marekani kwa kawaida humlipa mwanafunzi, kwa kuwa wanahitaji kazi yake ya kufundisha na kuchunguza. Katika shahada ya kwanza ni mwanafunzi anayewalipa wao. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi, nao mawakala huyachanganya kwa makusudi. Bwana Thomas Piketty naye alifundisha MIT kuanzia mwaka 1993, kisha mwaka 1995 akarudi Paris, na kazi zilizompa sifa duniani alizifanya huko. Habari zake hazitajwi katika vitabu vya matangazo.

Kuhusu ubora wa masomo, orodha ya vyuo inayotolewa Shanghai tangu mwaka 2003, ambayo wapenda safari huitaja kama msahafu, mwaka 2020 ilikiweka Chuo Kikuu cha Paris-Saclay nafasi ya 14 duniani, na katika hisabati ikakipa nafasi ya kwanza. Hicho ni chuo cha umma. Anayesomea hisabati ya shahada ya kwanza katika kitivo chake hulipa ada ile ile iliyowekwa na serikali.

Ada hiyo ndogo haikushuka kutoka mbinguni. Utangulizi wa Katiba ya Ufaransa wa mwaka 1946, ulioandikwa nchi ikiwa bado na majeraha ya vita, ulitamka kwamba kuandaa elimu ya umma ya bure katika ngazi zote ni wajibu wa dola. Mwaka 1986 serikali ilipoleta muswada wa Waziri Alain Devaquet, uliotaka vyuo viruhusiwe kuchagua wanafunzi na kupanga ada tofauti tofauti, vijana walijaa barabarani kwa mamia ya maelfu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba polisi walimpiga kijana wa miaka 22, Malik Oussekine, ambaye hata hakuwa mwandamanaji, akafariki. Siku mbili baadaye muswada uliondolewa. Kijana wa leo anayeiona ada ya Euro 200 kuwa ni dalili ya unyonge wa chuo chake anaidharau haki iliyopatikana kwa gharama hiyo.

Hata hivyo lawama zote haziwezi kutupwa kwa vijana. Wakuu wa Ufaransa wenyewe wameviacha vyuo vyao vikuu vidhoofu. Kumbi za mwaka wa kwanza zimejaa, walimu wengi ni wa muda, na wanafunzi wengi huanguka kabla ya kufika mwaka wa pili. Dola hutumia fedha nyingi zaidi kwa kila mwanafunzi wa madarasa ya maandalizi ya shule kuu, ambamo watoto wa wakubwa ndio wengi, kuliko kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha kawaida. Tangu mwaka 2018 Parcoursup imewafanya vijana wangoje wiki nyingi wakitazama namba zao zikipanda na kushuka, bila kuelezwa vizuri kwa nini wamekataliwa. Na mtoto wa miaka 17 hulazimishwa kuchagua somo moja na kulishikilia, ambapo Mmarekani huachiwa mwaka au zaidi wa kuonja masomo mengi. Hapo Marekani ina haki, na Wafaransa wangeweza kuiga bila kupanda ndege. Kwa kutofanya hivyo wamewafungulia njia wafanyabiashara: yapata robo ya wanafunzi wa elimu ya juu nchini humo sasa wako katika shule za binafsi, na safari ya Marekani ni hatua ya pili katika njia hiyo hiyo.

Matukio ya mwaka 2025 yalitosha kumwamsha aliyelala. Mwezi Mei serikali ya Marekani ilitangaza kuinyang'anya Harvard ruhusa ya kupokea wanafunzi wa kigeni, na mahakama ikalizuia tangazo hilo mara moja. Siku chache baadaye balozi ziliamriwa kusimamisha miadi mipya ya viza za wanafunzi. Zilipoendelea mwezi Juni, mwombaji alitakiwa afungue kurasa zake za mitandao ya kijamii ili maofisa wasome aliyoyaandika. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Machi, Chuo Kikuu cha Aix-Marseille kilikuwa kimetangaza nafasi kwa watafiti waliotaka kuikimbia Marekani. Maprofesa walikuwa wakiomba kwenda Marseille wakati wanafunzi wa Marseille wakijaza fomu za kwenda Boston.

Walimu na watumishi wa umma wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao walifika walipo kwa fedha za wananchi, wataona jambo jingine katika mjadala huo. Mwaka 2019 Ufaransa ilianza kuwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya Euro 2,770 kwa shahada ya kwanza na Euro 3,770 kwa shahada ya pili. Mpango huo uliitwa "Karibuni Ufaransa". Vyuo vikuu vingi viliona haya, vikatumia uwezo wao wa kuwasamehe wanafunzi hao. Lakini mwezi Julai 2020 mahakama ya juu ya utawala iliukubali utaratibu wenyewe, ikisema kwamba ada hizo bado ni za wastani. Hivyo kijana wa Dakar au Bamako aliambiwa kwamba mgeni hulipa zaidi kwa sababu ni mgeni. Wazazi wa Lyon na Bordeaux walioipokea hoja hiyo kimya leo wanaisoma katika barua ya chuo cha Marekani, imeandikwa kwa Dola.