NUSU SAA YA MIKUMI

Wananchi wengi wamekwisha kuiona Hifadhi ya Taifa ya Mikumi bila kulipa hata senti moja. Huiona dirishani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na hata Zambia huipasua hifadhi hiyo kwa kadiri ya kilomita 50, na aliyebahatika kukaa upande mzuri wa basi huwaona swala, pundamilia, twiga, na mara nyingine tembo, wakila majani hatua chache kutoka kwenye lami. Wako watu wavukao bahari kwa gharama kubwa ili waje kuyaona hayo. Sisi huyapata ndani ya nauli ile ile ya kwenda kumsalimu mama Njombe.

Neema hiyo ina masharti yake, na hayo ndiyo tutakayoyasema leo bila kuficha.

Barabara yenyewe ndiyo iliyotangulia kuleta hatari. Ilipojengwa baina ya Morogoro na Iringa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wenye bunduki walipata njia nyepesi ya kuifikia mbuga ya Mkata. Mwaka 1964 hifadhi ikatangazwa. Miaka mitatu kabla yake, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa tamko lake mjini Arusha, ambamo nchi iliyokuwa ikiukaribia Uhuru ilipokea mbele ya dunia dhamana ya kuwatunza wanyama wake. Dhamana hiyo hawakutwishwa askari wa hifadhi peke yao.

Twayasema haya kwa sababu yuko mtu ambaye hajapata kushika bunduki, naye humchukia jangili kwa moyo wake wote, lakini akifika Mikumi hurusha dirishani ndizi, bunzi la muhindi, na chupa ya maji juu yake. Kumlisha nyani huona ni huruma. Nyani naye si mjinga. Hujifunza upesi kwamba chakula hutoka katika magari. Basi huketi ukingoni mwa lami pamoja na watoto wake, na hapo ndipo gari lifuatalo limkutapo. Mkono uliotupa ndizi hauioni damu, maana wenyewe umekwisha kufika Mikumi mjini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Chupa zingali zikirushwa.

Hata hivyo ndizi ni jambo dogo likilinganishwa na mwendo. Ndani ya hifadhi mwendo wa halali ni kilomita 70 kwa saa mchana, na 50 usiku. Na tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Dereva ashikaye kilomita 50 usiku huvuka hifadhi kwa saa moja. Akienda 100, huvuka kwa nusu saa. Basi faida yote ni nusu saa, katika safari ya Mbeya ambayo hula nusu ya siku nzima! Na usiku nyati ana rangi ya giza lenyewe. Dereva humwona wakati breki haina msaada tena. Hufa nyati, na abiria waliokuwa usingizini huenda wasiamke wajue kilichowapata. Tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, shauri hili si la wanyama tu.

Desturi ni kumlaumu dereva. Sisi hatuko tayari kumbebesha mzigo wote. Dereva ni mfanyakazi, na ratiba hakuiandika yeye. Akipewa saa ya kufika isiyowezekana ila kwa kuvunja sheria, basi aliyeipanga amekwisha kuivunja kabla gari halijatoka kituoni. Nao abiria si malaika: wako wampigiao makofi dereva alipitaye basi jingine, na kumwita mwoga yule aheshimuye kibao. Ushujaa wa namna hiyo twauona kuwa ni upuuzi.

Wala hatusemi kwamba mfanyakazi akae mbali na hifadhi. La! Twapenda aingie langoni, atulie, atazame. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme humfikisha mtu Morogoro kutoka Dar es Salaam asubuhi na mapema, na kutoka hapo kwenda Mikumi ni kama kilomita 100 tu. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Matawi ya wafanyakazi yakodiyo mabasi kwenda harusini yaweza pia kukodi moja kwenda kwenye bwawa la viboko. Wakifika wabaki garini, wasipige honi kumwamsha simba, redio izimwe, na taka zao warudi nazo mjini. Apendaye kelele asijisumbue kusafiri. Kumbi za muziki hazikosekani mtaani kwake.

Kwa wenye mabasi tuna ombi moja, nalo halihitaji kamati. Waitie nusu saa ile katika ratiba zao za usiku, kisha waibandike dirishani pale watu wakatapo tiketi, pamoja na sababu yake. Na wale waidhinishao ratiba wasiipitishe isiyokuwa nayo.